Tupeane uzoefu: kutoka PES ya kibandani hadi eFootball ya kwenye simu, wewe ulipata nini na ulipoteza nini?

Mzee wa Pembetatu

Habari za jioni wakuu, wake kwa waume.

Uzi huu ni wa wote waliocheza gemu ya mpira ya Konami, kampuni ya Japani, kwa majina yake yote. Ilianza Japani mwaka 1995 ikiitwa Winning Eleven, wengi wetu tukaipokea kama Pro Evolution Soccer, yaani PES, na tangu Septemba 2021 ni eFootball, ya bure, inayotegemea intaneti. Kila tukigusia habari hizi watu wanagawanyika. Hawa wanasema PES ilishakufa, wale wanasema tunalilia ujana wetu. Leo naomba tusianze na ubishi. Kila mtu aeleze yake: ulichezea wapi, na nani, toleo gani, na mabadiliko yalikukuta vipi.

Mimi ni wa Temeke, PES 5 na PES 6. Kibanda chetu kilikuwa na televisheni mbili za chogo, PS2 (PlayStation 2) zimevuliwa mfuniko, feni imeelekezwa kwenye mashine wakati sisi tunachuruzika jasho. CD zimeandikwa kwa maka peni. Analogi za pedi, vile vijiti vya kuelekezea mchezaji, zilishaisha mpira, imebaki plastiki tupu, dole gumba linateleza. Sheria ilikuwa moja tu, anayefungwa anaachia pedi. Ukichukua Inter unamtafuta mshambuliaji wao Adriano: unabonyeza pembetatu, kitufe cha pasi ya kupenyeza, mpira unapenya katikati ya mabeki, unamwekea mguu wa kushoto, unakandamiza mraba, kitufe cha kupiga shuti, mpaka kipimo kifike nusu. Kipa anaruka, mpira ushaingia, na nyuma yako kelele kama uko Taifa siku ya watani.

Sasa hoja yangu. Kubadilika kwenyewe hakuniumizi, maana gemu hii imebadilika kila mwaka na kila mwaka tulilalamika. PES 2008 ilipokuja na kutukera, tulirudi PES 6 na maisha yakaendelea. Tuliweza kurudi kwa sababu CD ya PES 6 ilikuwa bado iko kwenye droo ya mwenye kibanda. Siku hizi apdeti ikiingia, gemu ya jana haipo tena. Juni 2022 PES 2021 ya simu iligeuzwa kuwa eFootball 2022 ndani ya programu ileile. Aliyeipenda ya zamani hakuachiwa mlango. Hilo ndilo ninaloliona geni, na sijaona likizungumzwa vya kutosha.

Karibuni.

Binti Makorora

Mkuu umeeleza vizuri sana, lakini naomba niseme la upande ambao huwa hausikiki.

Nimekulia Tanga. Kibanda cha gemu kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu na sikuwahi kuingia. Msichana aliyeonekana pale jioni, habari zilikuwa zimemfikia mama yake kabla hajamaliza mechi. Nilijifunza PES nyumbani, kaka yangu alipokuwa anaazima mashine mwishoni mwa wiki, na zamu yangu ilikuja pale rafiki zake walipokwenda kuswali au kula. Nilikuwa najua kukaba kuliko wao wote, sema hakukuwa na wa kunipima naye.

eFootball imenipa kitu hicho. Nikishalaza watoto nafungua simu, naingia mechi ya mtandaoni, anayecheza na mimi anaona jina la timu tu. Nimepanda daraja hadi daraja naijua nafasi yangu, siyo kwa kuhurumiwa na mtu. Kaka sasa yuko Muscat kikazi. Tunafungua mechi ya marafiki, simu nyingine inawekwa pembeni na spika imewashwa, tunabishana kama enzi zile. Akifungwa anasingizia intaneti.

Kwa hiyo mnaposema "zamani ilikuwa tamu", ilikuwa tamu kwa walioruhusiwa kukaa kwenye lile benchi. Mimi sitaki kurudishwa huko. Ila hilo la kutoachiwa mlango, Mzee, nimelielewa na nakuunga mkono.

Mzee wa Pembetatu

Dada Binti Makorora, asante. Hili sikuwahi kulisikia kwa mtu, na nimekaa vibandani miaka mingi. Tuendelee.

Mwana wa Kisauni

Salaam ndugu zangu, naandika kutoka Mombasa.

Kwangu mie raha kubwa haikuwa mechi, ilikuwa kule kwenye Edit, pale unapobadilisha majina, nembo na jezi za timu. Mnakumbuka PES 6 haikuwa na leseni ya timu nyingi za Uingereza? Chelsea ilikuwa London FC, Liverpool ni Merseyside Red, City ni Man Blue. Mtu mgeni akikaa hapo hajui ashike timu gani, sisi twamsomea majina. Basi mie nikapewa kazi na mwenye kibanda nirekebishe yote. Nikabadilisha majina, nikachora nembo tone kwa tone kwa vile vibonyezo vya pedi, jezi nikazipaka rangi. Nilipomaliza Waingereza nikaingia nyumbani: nikafuta vitimu vya akiba nikaweka klabu zetu za Kenya, Bandari, Gor Mahia na AFC Leopards. Wachezaji niliwapa sura kwa kukisia, huyu mrefu, huyu ana kipara, huyu viatu vyeupe. Kazi yote ikakaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8, nayo nilitembea nayo mfukoni nikienda kibanda chochote kile.

Leo leseni zimejaa, nyuso zimepigwa picha mpaka vinyweleo vyaonekana, na mie sina la kufanya humo. Kila kitu kimeshakamilishwa na watu wengine. Gor Mahia siwezi kumtia mwenyewe kwenye timu yangu ya mtandaoni, yataka niwangoje wao waniletee.

Nendeni mkaone Brazili. Kuna vijana kule wana kitu chaitwa Bomba Patch, wameichukua gemu hii ya PS2 na kuitia ligi zao na vikosi vipya miaka nenda miaka rudi, mpaka na mashine yenyewe ilipoacha kutengenezwa mwaka 2013 wao hawakuacha. Hao hawalii. Hao waliishika gemu mkononi wakaifanya yao.

Pasi Fupi

Naomba tuwe wakweli kuhusu 2021, maana vijana wanadhani wazee wana wivu tu.

eFootball 2022 ilitoka 30 Septemba 2021 ikiwa haijaiva. Nyuso za wachezaji wakubwa zilipotoka zikawa vichekesho dunia nzima, mabeki wanapishana na mpira, na ndani ya siku mbili ilikuwa miongoni mwa gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Konami wenyewe waliomba radhi hadharani. Toleo waliloliita 1.0 lilikuja Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Na ile Master League, sehemu ya kuendesha timu yako peke yako msimu kwa msimu, waliyosema italetwa mwaka 2023 kama nyongeza ya kulipia, mwaka ule uliisha bila kuonekana.

Ila anayesema gemu ya leo ni ileile ya 2021 hajaifungua. Kukaba kumekuwa kazi ya kichwa, pasi ina uzito, na ukicheza na mtu anayejua utatoka jasho. Desemba 2024 FIFA, ambao jina lao lilikaa kwenye gemu ya wapinzani kwa karibu miaka 30, waliandaa kombe lao la dunia la michezo ya mtandaoni kule Riyadh kwa kutumia eFootball. Upande wa konsoli, yaani mashine kama PlayStation, Indonesia wakachukua mbele ya Brazili. Mwaka 2006 ungeniambia hivyo ningekuona umepotea.

Kinachonitoa kwenye reli ni kadi za wachezaji. Gwiji yuleyule anauzwa kama kadi leo, baada ya miezi anarudi na kadi nyingine yenye nguvu zaidi, na ya kwanza inakuwa ya kukaa benchi. Adriano wa PES 6 alikuwa wa kila mtu aliyeshika Inter. Tuliingia uwanjani tukiwa na vitu vilevile, ukifungwa umefungwa na mtu.

Castolo Forever

Mbeya hapa. Mimi sikuwa mtu wa vibandani, nilikuwa mtu wa Master League, chumbani peke yangu. Anayejua atajua: unaanza na Ivarov golini, Minanda katikati, Ximelez, Castolo mbele. Watu ambao hawapo duniani, wazito, pasi zao zinaishia kwa adui. Unahangaika nao daraja la pili, pointi zinapatikana kwa tabu, unanunua mchezaji mmoja, unasubiri. Msimu wa tatu Castolo ameanza kuzeeka na hutaki kumuuza, ingawa kompyuta inakuambia anakula mshahara bure.

Siku umeme ukikatika kabla hujasevu, mechi nne zimekwenda. Nilikuwa nalala na hasira.

Gemu ya sasa haina nafasi ya mtu kama mimi. Inataka niwe mtandaoni, inataka nimalize majukumu ya wiki kabla hayajaisha muda, inanikumbusha kwa ujumbe kwamba sijaingia. Master League ilinisubiri. Nilikwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, nikarudi, timu yangu iko palepale, mechi ijayo ileile.

Kibanda Maji ya Chai

Wakuu, mimi nilikuwa upande wa pili, mwenye kibanda. Niliendesha Morogoro kwa miaka kadhaa, kwanza PS2, baadaye PS3 na PS4.

Watu wanadhani simu ndizo zilizotuua. Simu zilichangia, ila lipo jingine. Biashara ile ilisimama juu ya mambo mawili: gemu ifunguke bila intaneti, na kila mteja aikute timu yake. PES ya CD ilikupa yote mawili. eFootball ilipotoka 2021, mechi ya watu wawili waliokaa pamoja ilikuwa na klabu 9 tu. Tisa! Mteja anakuja anataka Real Madrid, hakuna. Anataka Chelsea, hakuna. Ukishamwambia hivyo mara mbili anahamia kwa jirani mwenye ile gemu ya FIFA. Na ili uipakue na kuiapdeti unahitaji bando la maana, juu yake umeme wa LUKU, juu yake kodi ya fremu.

Nilibaki na PES 2021 kwenye mashine moja kwa wale wasiotaka kuhama. Walikuja mpaka siku nilipofunga. Wengi walikuwa madereva bodaboda, wanacheza mechi mbili wakisubiri abiria, Peter Drury anatangaza, wao wanamwigiza Kiingereza chake kwa sauti. Ile hali ya watu wazima kukaa benchi moja wakisubiri zamu, sijaiona ikirudi mtaani kwangu kwa namna nyingine yoyote. Kila mtu ana simu yake na anayemfunga hamjui.

Mpira Mweusi

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 20, na mnanichekesha mkidhani kukumbuka zamani ni kwenu tu.

Zamani yangu mimi ni PES 2019 na 2020 za simu. Wakala wa kukuletea wachezaji anazungusha mipira, ya shaba, ya fedha, ya dhahabu, na wewe unaomba usimame kwenye mweusi, wa mchezaji mkali kabisa. Shuleni bweni zima tulikuwa tunazunguka simu moja, kila mtu ana imani yake ya namna ya kubonyeza. Ukitoka mweusi watu wanakimbia mpaka nje. Hiyo gemu leo siwezi kumwonyesha mdogo wangu. Nyinyi mkitaka PES 6 mnatafuta CD. Yangu ilikuwa inaishi kwenye seva, ilipoondolewa imekwenda na hakuna wa kumwomba. Tulichobaki nacho ni video za skrini tulizorekodi, na nyingi zilifutwa ili simu ipate nafasi.

Mzee wa Pembetatu

Marahaba kijana. Umelisema nililotaka kulisema vizuri kuliko mimi.

Kwa nilivyosoma mpaka sasa, sioni tena kama ni wazee dhidi ya vijana. Dada wa Tanga amefunguliwa uwanja ambao sisi tulimfungia. Huyu kijana amenyang'anywa utoto wake akiwa na miaka 20. Vyote vimeletwa na mabadiliko yaleyale. Binafsi sidai eFootball irudi kuwa PES. Nadai kwamba kabla ya kuzima toleo, watengenezaji waache nakala inayochezeka nje ya mtandao, hata kama haina kadi wala daraja. Hilo linawezekana, tulikuwa nalo.

Wengine karibuni, hasa wa Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi, najua mlicheza.

Castolo Forever

Mkuu kabla hatujaenda mbali, nina PS2 ile nyembamba, jicho la kusomea CD limechoka, haisomi CD yangu ya PES 6 tena. Kuna anayejua pa kuanzia? Sitaki kuitupa.

Mwana wa Kisauni

Ndugu yangu usiitupe. Kwanza mpe fundi asafishe jicho, mara nyingi ni vumbi tu. Likikataa, tafuta memori kadi iliyowekwa Free McBoot, programu ya kufungulia programu nyingine kwenye PS2, halafu itoe CD yako kwenye kompyuta uitie kwenye flashi, uifungue kwa OPL, programu ya kuchezesha gemu bila CD. Jua tu kwamba USB ya PS2 ni ya kizamani, ni 1.1, kwa hiyo sehemu za video zitakwamakwama. Mechi yenyewe kwangu inakwenda sawa. Na hiyo nyembamba yako ina tundu la waya wa mtandao nyuma: ukiiunganisha na kompyuta, OPL yaisoma gemu kutoka huko kwa kasi nzuri zaidi. Nitumie ujumbe, nikupe na faili langu la Edit. Bandari wamo.