Tumelipia boti ya mto Dart, tukaambulia kutazama tope. Mratibu, rudisha hela za watu

Wakuu, salaam. Nimekaa na hili jambo siku nne nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo nalimwaga hapa.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Devon, huku kusini magharibi mwa Uingereza, watu 38 kwenye basi kutoka Reading. Safari ilitangazwa kwenye grupu letu la Waswahili na jamaa mmoja anayejiita mratibu. Jina silitaji, waliokuwepo wanamjua. Pauni 85 kwa kichwa. Mpango ulikuwa basi hadi Paignton, gari moshi la makaa ya mawe hadi Kingswear, kivuko cha kuvuka hadi Dartmouth, halafu saa nane na nusu mchana tunapanda boti inayokwea mto Dart hadi Totnes, ambako basi lingekuwa linatusubiri. Nililipia wawili, mimi na mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Pangani, kwetu mdomoni mwa mto, pwani ya Tanga. Niseme ukweli, ile boti ndiyo iliyonitoa hela mfukoni. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi ndani ya mto wenye misitu kila upande, unapita chini ya Greenway, ile nyumba aliyoinunua Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, mwaka 1938. Nilitaka mama akauone mto wa wenzetu.

Kwenye treni sina neno. Njia ni kama kilomita 11 tu, British Rail, shirika la reli la serikali, waliiuza mwaka 1972, lakini injini ni ya mvuke kweli, inapumua. Mama alikaa dirishani upande wa bahari. Masizi yakamdondokea kwenye mtandio, akayapangusa kwa kidole akanionyesha: "Haya ndiyo yaliyokuwa yakituchafua tukienda Korogwe." Baada ya handaki la Greenway mto ukatokea chini kule, upande wa kulia, na basi lote zima kama watoto wakahamia upande mmoja wa behewa.

Sasa tufike Dartmouth.

Tumeshuka kwenye kivuko, watu wanapiga picha chuo cha wanamaji kule mlimani, mratibu kaingia kutafuta chipsi. Mama kasimama ukingoni anatazama ukuta wa gati. Ulikuwa mweusi, umelowa, mwani unaning'inia juu kabisa ya mahali maji yalipo. Akaniambia, "Mwanangu, juzi mwezi ulikuwa mpevu. Leo bamvua, na maji yamepwa. Hiyo boti huko juu itapita wapi?" Kwa wasiotoka pwani, bamvua ni zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana.

Nikaenda dirisha la tiketi. Mzee wa pale, mtu mstaarabu, akaniambia saa nane na nusu hakuna boti ya Totnes leo, maji yatatosha kufika kule jioni. Akanipa karatasi ya ratiba. Wakuu, ratiba ya Totnes inabadilika siku hadi siku kwa kufuata maji, na imechapishwa mapema, mtu yeyote anaweza kuisoma! Mto Dart unajaa na kupwa pamoja na bahari mpaka Totnes, na sehemu za juu zikipwa panabaki tope na kamfereji. Mtoto wa Pangani analijua hili kabla hajajua kuandika jina lake. Kusubiri jioni hatukuweza, maana dereva ana saa zake za kisheria.

Hapo bado nilikuwa nasema labda ni uzembe. Nikamwonyesha yule mzee bahasha ya tiketi zetu, nikauliza tutarudishiwaje za boti. Akazipekua moja moja. "Hizi ni za treni na kivuko tu." Boti haikulipiwa. Haikulipiwa kabisa!

Nikamfuata mratibu na chipsi zake. Kwanza akasema mambo ya maji ni ya Mungu. Nilipomwekea bahasha mezani akasema alipanga kulipia palepale ili apate punguzo la kundi. Sawa, kama hukulipia, hela si unayo? Eti imeshatumika kwenye "gharama za uendeshaji".

Tukakaa gatini karibu saa mbili, upepo unapiga, tukisubiri basi lizunguke kutoka Totnes kuja kutuchukua. Watoto wanalia. Pale Dartmouth kuna jengo la stesheni ambalo halijawahi kuona treni hata siku moja, maana reli iliishia ng'ambo ya mto mwaka 1864, tiketi zikawa zinakatwa huku na abiria anavuka kwa chombo. Nikajisemea sisi nasi tuna tiketi za boti ambazo hazijawahi kuwepo. Angalau wao kivuko walipewa.

Jumapili nikamwandikia kwa adabu. Kanijibu kwamba tangazo lilisema "ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali ya hewa", na kwamba atanipa punguzo la pauni 10 safari ijayo ya Wales. Ndugu yangu, siku ile jua lilikuwa linawaka. Maji kupwa si hali ya hewa. Mvua huwezi kuijua mwaka mmoja kabla, ila kupwa na kujaa kunaandikwa kwenye jedwali mpaka dakika. Na hata ingekuwa tufani, hela ya boti ambayo hukuinunua ni hela yangu.

Sitaki punguzo, Wales siendi naye. Nataka nauli ya boti ya watu wawili, na wale wengine 36 wapewe yao. Kuna mama mmoja alikuja na watoto watatu, hajasema kitu kwenye grupu kwa sababu anaona aibu kudai.

Jana usiku kalifuta lile tangazo. Mwenye picha yake, ile yenye saa ya boti na bei, naomba anitumie leo.