Gitaa la umeme la marehemu mjomba limeharibika, naomba ushauri kabla sijaanza kazi

Kijana wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Nina gitaa la umeme nililoachiwa na marehemu mjomba, alikuwa akipiga rizimu kwenye bendi ndogo hapa Tanga. Limekaa stoo miaka kumi na tano, na bati la stoo linavuja. Umbo lake ni la Les Paul, lile gitaa maarufu la Gibson la Marekani, ila shingo imefungwa kwa skrubu nne, na bamba la chuma la nyuma linasema limetengenezwa Japani. Jina la kampuni limeshabanduka.

Hali yake: rangi ni nyekundu pembeni, njano katikati, na kwenye kingo imemeguka hadi mbao inaonekana. Nyuma ya kichwa, pale kinapoungana na shingo, kuna ufa unaonasa ukucha. Shingo imepinda, nyuzi ziko juu mno. Nikilichomeka linavuma kama nyuki, muziki wenyewe unasikika kwa mbali.

Nataka kukwangua rangi yote nipulizie nyeusi inayong'aa. Msasa namba 80 ninao, rangi makopo mawili ninayo. Naanza Jumamosi. Kuna la kuongeza?

Solo Mstaafu
Jumamosi nenda kaogelee, na huo msasa uufiche. Umeanzia mwisho, mdogo wangu. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, na mzigo wote huo unapita kwenye ufa wako. Legeza nyuzi leo hii, kabla hujala. Halafu weka picha.

Seremala wa Pongwe
Ufa kama bado haujaachana kabisa, una bahati. Tumia gundi ya mbao ya kawaida. Usitumie ile ya mirija miwili, maana ikishindwa inakuwa imeziba vinyweleo vya mbao na gundi nyingine haishiki tena. Kikunje kichwa kidogo sana ili ufa ufunguke, isukume gundi ndani kwa sindano ya hospitali au uzi wa kusafishia meno, achia, kunja tena, mpaka uione inatokea upande wa pili. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Kubana ndiko kunakowashinda wengi. Jiliwa la chuma litaacha alama na huenda likatelezesha kichwa upande. Mimi huchana tyubu ya baiskeli utepe mrefu na kuuzungusha huku nauvuta. Inabana kila upande sawasawa. Saa 24 usiguse. Usije ukakaza nyuzi jioni yake "kujaribu tu"!

Mpita Njia
Shingo iliyopinda ianike juani, weka tofali juu. Inanyooka yenyewe.

Seremala wa Pongwe
Mpita Njia, hiyo ni dawa ya mlango wa banda. Jua litaachanisha ubao wa freti (vile vyuma vinavyokatiza chini ya nyuzi) na shingo. Ndani ya shingo nyingi za gitaa la umeme mna fimbo ya chuma ya kuinyooshea, na nati yake iko kichwani chini ya kifuniko kidogo au upande wa mwilini. Gundi ikikauka, funga nyuzi. Bonyeza uzi mnene freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama uwazi kwenye freti ya saba. Ukipitisha vocha ya kukwangua kwa shida kidogo, hapo ni pazuri. Uwazi ukiwa mkubwa, legeza nyuzi, kaza nati robo mzunguko, pima tena kesho. Ikigoma usiilazimishe, fimbo ikikatika utanililia.

Fundi Rangi Magari
Nimeiona picha. Hiyo si rangi ya kukwangua. Jaribu tina kwa pamba mahali pasipoonekana, ndani ya shimo la waya. Ikilainika na kunata, ni laka ya zamani. Ikikaa kimya, ni poliesta, rangi ngumu ya plastiki, na nahisi ndiyo hiyo kwa jinsi ilivyomeguka vipande kama kioo. Poliesta kuitoa kwa msasa ni kazi ya wiki, na namba 80 itachimba mbao kabla hujajua.

Palipomeguka jaza supagluu tone kwa tone, tabaka kwa tabaka, ukisubiri kila moja likauke. Kisha msasa wa maji 600, 1000, 2000, malizia na dawa ya kung'arishia gari. Ukishikilia kupuliza, subiri masika yapite. Unyevu wa Tanga unaingia kwenye laka, inatoka na ukungu mweupe. Na klia ya gari yenye hadina (dawa ya kuigandisha) usipulize kwa barakoa ya kitambaa, moshi wake unaharibu mapafu. Nimemwona mwenzangu.

Fundi Redio
Mbona mmeusahau umeme? Gusa nyuzi wakati linavuma. Mvumo ukipungua, waya wa ati (wa ardhini) unaokwenda kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, ni mzima. Usipobadilika, umekatika au umeoza, na kwa stoo inayovuja sitashangaa. Fungua, chomea lisasi upya. Pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, pima kwa mita: ukisoma kiloomu 5 hadi 9 hivi, koili iko hai. Mita ikikaa kimya, waya umekatika ndani, nao ni mwembamba kama unywele, tafuta anayejua kusuka. Vitasa vya sauti pulizia dawa ya kontakti, vizungushe mara thelathini.

Na amplifaya yako ina ati? Wapiga gitaa wamezoea kupigwa shoti midomoni na maiki wakidhani ni kawaida. Plagi ya miguu miwili usiitumie.

Solo Mstaafu
Kijana, kwenye picha ya tatu, ukingo wa juu, pana mbao wazi ndefu kama kiganja. Hapo hapakumeguka. Pamelika. Ndipo mkono wa mpiga rizimu unapolala.

Kijana wa Ngamiani
Mrejesho, wiki ya tano. Ufa umeshika, shingo ilitaka robo mbili tu. Waya wa daraja ulikuwa umeoza kama alivyosema Fundi Redio. Pikapu moja inasoma 7.4, ya pili imekufa, nimeiacha kwanza. Nilipofungua lile kava la plastiki nikakuta chini yake nyekundu imekolea kama damu ya mzee, kumbe huku nje jua ndilo lililoififisha. Kingo nimejaza supagluu, si safi sana lakini hazikati mkono. Pale pa mkono wa mjomba sikupagusa.

Rangi nyeusi nimepulizia geti. Msasa namba 80 kauchukua jirani, ana mtumbwi.