Vipaumbele vya chemba kwa wabunge wa Olympia, na sisi wenye kampuni ndogo

Habarini ndugu zangu wa Kent, Renton, Tukwila mpaka Tacoma, hapa jimbo la Washington, wazee shikamooni.

Jana asubuhi nilienda kunywa chai na chemba ya biashara, yaani chama cha wafanyabiashara wa hapa mjini, mara ya pili tangu nilipe ada, nikarudi na karatasi ya vipaumbele vyao vya kupeleka kwa wabunge wa jimbo kule Olympia, makao makuu. Karatasi moja tu, mbele na nyuma. Barabara zimo, umeme umo, nyumba za watu wa kipato cha chini zimo, malezi ya watoto wazazi wakiwa kazini yamo, kodi imo. Nimeisomea kwenye gari hapo pakingi kabla sijawasha, nikatoa kalamu nikawa naweka tiki kila panaponigusa mimi mwenye kampuni ya usafi wa maofisi na watu 9. Tiki zikatoka mbili. Hiyo ya malezi ya watoto nimeitia tiki kubwa kabisa maana mwezi wa pili dada mmoja mzuri sana aliacha kazi kwangu kwa sababu hiyo tu, zamu yetu inaanza saa 12 jioni na hakupata mtu wa kukaa na mtoto usiku.

Lakini kwenye kodi wameandika mambo ya wakubwa. Hakuna neno kuhusu B&O, ile kodi ya biashara, kwa watu wa saizi yetu. Kwa wale wapya, B&O jimbo linakata kwenye pesa yote inayoingia, sio kwenye faida. Ukiingiza dola 400,000 kwa mwaka kwenye huduma kama zetu, mishahara ikala, sabuni na mashine zikala, gari, bima, ukabaki na kiduchu au ukaingia hasara kabisa, asilimia 1.5 ipo palepale, dola 6,000 zinatoka. Ukiwa chini ya 125,000 kwa mwaka kwa kawaida hata ritani, ile fomu ya kodi, hupeleki, ila ukishaajiri watu wawili watatu huko chini unapaaga haraka sana. Hapo bado L&I, ile bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, ambayo hapa Washington huwezi kutafuta kampuni ya bei nafuu, inatoka kwenye mfuko wa jimbo na wanahesabu kwa kila saa mtu aliyofanya kazi.

Mshahara wa chini wa jimbo mwaka 2026 ni dola 17.13 kwa saa na mimi siupingi, naomba nieleweke, mimi mwenyewe nilianza na ndoo na mopa kwenye jengo la mtu na najua kodi ya nyumba hapa ilivyo. Ninachotaka ni kwamba sisi wenye watu wachache turuhusiwe kuondoa mishahara kwenye hesabu kwanza ndipo B&O ihesabiwe. Nikamuuliza mama mmoja niliyekaa naye meza moja, hii orodha inaandikwa lini? Akaniambia kamati inakaa kuanzia mwezi wa nane, Novemba inafungwa. Yaani bunge linapoanza Januari sisi ndio tunaamka, wenzetu walishapika wakapakua.

Nani yuko tayari tuingie kwenye hiyo kamati? Ada tumeshalipa wengi.

Dada wa usafi, Kent

*

Dada asante sana, umegusa kidonda. Mimi nina wakala wa kupeleka wahudumu kwa muda kwenye nyumba za kulea wazee. Ile sheria aliyosaini gavana Ferguson Mei 2025 imetuweka kwenye kodi ya mauzo kuanzia Oktoba 1 mwaka huohuo, sisi watu wa wafanyakazi wa muda, walinzi, matangazo na wale wa kompyuta. Hospitali wametolewa, nyumba ndogo za wazee hawakutolewa. Sasa kwangu invoisi ya dola 5,000 inaongezeka zaidi ya 500 na ile pesa inakwenda serikalini, sio yangu hata senti. Mteja wangu wa Federal Way, Mkenya mwenzangu, ana wazee 6 ndani ya nyumba, alinipigia saa mbili usiku akaniuliza mbona umenipandishia bila kuniambia, na mimi nilikuwa nimejua wiki tatu tu kabla. Nilikuwa sijui hata kama huo mswada ulikuwa unajadiliwa. Niweke kwenye kamati.

Kaka wa Tacoma

*

Marahaba wanangu.

Kamati ya chemba nendeni, lakini msiwaachie wao mdomo wenu. Nimetoa ushahidi Olympia mara mbili, zote kwa Zoom nikiwa jikoni kwangu. Kwenye tovuti ya bunge unachagua kamati, unachagua mswada, unaandika kama unaunga mkono au unapinga, mwisho ni saa moja kabla ya kikao. Hawaulizi uraia. Wanakupa dakika moja, mbili ukibahatika, kwa hiyo usianze na salamu ndefu za kwetu, anza na invoisi. Sema ilikuwa ngapi, sasa ngapi, na mzee gani amekosa mhudumu. Ukishindwa kuongea, maandishi wanapokea mpaka saa 24 tangu kikao kianze. Mjue tu kwamba TVW, televisheni inayoonyesha vikao vya bunge, wanarusha na jina lako linabaki kwenye rekodi, kwa hiyo usitaje jina la mteja wala la mgonjwa.

Na kila mtu ajue wake. Jimbo lina wilaya 49 za uchaguzi, kila moja seneta mmoja na wawakilishi wawili, hao watatu ndio wenu. Sasa hivi hawako kwenye kikao, wako mitaani, ndio wakati wa kuwaalika waje waone. Kikao kijacho ni Januari 11, 2027, siku 105, na ndicho cha bajeti ya miaka miwili, hapo kodi lazima ziguswe.

Mzee wa Renton

*

Mzee nashukuru mno, hiyo ya kuanza na invoisi nimeiandika ukutani. Basi Jumamosi saa 9 mchana kwangu, kila mtu aje na ritani yake ya mwisho ya B&O na karatasi ya L&I ya robo mwaka, majina mfute kwa maka pen. Kaka wa Tacoma wewe leta invoisi mbili, ya Septemba na ya Oktoba. Chai na maandazi vipo, watoto waje nao.

Dada wa usafi