Wanakuuzia RV kama nyumba, mabomba yakipasuka winta wanakwambia si nyumba

Wakuu, habari za muda huu.

Hili jambo limenikaa kifuani tangu winta iliyopita na leo nalitoa lote, kwa sababu kila nikifungua simu nakutana na Mswahili mwenzetu aliyeko Marekani anashawishi watu waachane na apatimenti, wanunue RV, baridi ikianza wakimbilie Arizona wakaishi bure. Kwa mlioko nyumbani, RV ni trela au basi lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani. Unalivuta au unaliendesha mpaka unapotaka kulala. Wastaafu wa Minnesota, Dakota na Kanada wanaishi hivyo kila winta, miaka nenda rudi. Sina ugomvi nao wala na maisha hayo. Ugomvi wangu ni na wanaouza, na wanaowapigia debe wanaouza.

Mimi na mke wangu tulinunua trela jipya kwa muuzaji mmoja wa huku kaskazini. Kodi ya apatimenti ilikuwa inatumaliza. Tulimwambia yule bwana waziwazi mezani kwake kwamba tutaishi humu winta nzima. Hakusita. Akatupeleka kwenye trela lenye kibandiko kinachosema ni la misimu minne, akapigapiga ukuta kwa kiganja, akasema uvungu wake umefunikwa na unapashwa joto, matenki hayagandi, hii ni nyumba kamili. Neno nyumba lilikuwa haliishi mdomoni mwake. Mkopo ukaandikwa wa miaka 15, tukasaini, tukavuta.

Tukashuka kusini kupitia Flagstaff. Mtu akisikia Arizona anawaza jangwa na jua. Flagstaff iko kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Njombe mjini, na theluji ya pale ni ya kupiga koleo. Usiku hita iliwaka vizuri, sisi ndani tulikuwa na joto letu. Asubuhi bomba halitoi hata tone. Jua lilipopanda barafu ikayeyuka, na maji yakaanza kutoka kusikotakiwa: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye kona ya kitanda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na viungio vya mabomba haviwezi kuvumilia hilo. Sakafu ikavimba. Fundi alipobandua uvungu tukaona kwa macho yetu ule upashaji joto tuliosifiwa: kimrija kimoja cha hewa kinachopuliza eneo dogo karibu na tenki, na mabomba ya maji yamepitishwa ubavuni kabisa, yameegemea ukuta wa nje, hayajavikwa chochote.

Mjue kwamba hicho kibandiko cha misimu minne hakina kipimo chochote cha kisheria. Hakuna nyuzijoto ambayo trela lazima liihimili ndipo liruhusiwe kubandikwa hicho kibandiko. Kila kiwanda kinajiandikia.

Tukampigia muuzaji, muuzaji akatutupa kwa kiwanda, kiwanda kikauliza swali moja tu: mlikuwa mnaishi humo? Ndiyo, tulikuwa tunaishi, na muuzaji alijua kabla hatujalipa hata senti. Jibu likaja kwa barua pepe kwamba waranti haihusu trela linalotumika kama makazi. Basi. Mbao, mabomba, sakafu, vyote juu yetu, na mkopo unaendelea kukatwa kila mwezi.

Nilikasirika mpaka nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo hasira ilivyozidi. Kanuni ya HUD, ile wizara ya nyumba ya Marekani, iliyoanza kutumika Januari 2019, inasema RV ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya burudani tu, si makazi ya kudumu. Viwanda vinaipenda kanuni hiyo, kwa kuwa inawaondoa kwenye masharti ya ujenzi wa nyumba za kiwandani, zile zenye viwango vya mabomba na vya kuhifadhi joto kulingana na eneo. Sawa, si nyumba. Sasa kwa nini mezani tunauziwa nyumba? Kwa nini mtu anayekwambia uso kwa uso kwamba ataishi humo winta nzima haambiwi pale pale kwamba waranti yake imekufa kabla trela halijatoka getini?

Na hili la waranti lina sheria yake. Inaitwa Magnuson-Moss, ya mwaka 1975. Chini yake, muuzaji wa bidhaa inayozidi dola 15 anatakiwa amwezeshe mnunuzi kusoma masharti ya waranti kabla ya kununua. Dola 15 wakuu! Sisi tumenunua kitu cha maelfu na kijitabu cha waranti tukakikuta ndani ya droo ya jiko, kimefungwa kwenye plastiki, baada ya kusaini.

Msidhani zile sheria za kumlinda mnunuzi wa gari bovu jipya zitawaokoa. Majimbo mengi yanaliacha nje trela la kukokotwa, na kwenye basi la kuishi mara nyingi wanalinda injini na magurudumu, ile sehemu ya kuishi haimo. Indiana, ambako RV nyingi za nchi hii zinaundwa, hasa pale Elkhart, haimo kabisa kati ya majimbo ya kukusaidia. Na baadhi ya mikataba inakulazimisha ukitaka kushtaki uende ukashtakie huko huko Indiana.

Tuje kwenye hilo neno bure. Ardhi ya serikali kule jangwani inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, kweli unaweza kuegesha bila malipo, lakini kwa kawaida ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha unahama mbali. Ukitaka kutulia kuna maeneo ya muda mrefu kama La Posa pale Quartzsite, kibali ni kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. Hiyo ni bei nzuri, nasema kweli. Quartzsite penyewe nimepapenda. Kamji ka wakazi elfu mbili na kitu, winta kanafurika matrela mpaka upeo wa macho, na makaburini pale kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu. Ni kaburi la Hadji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la Marekani karne ya 19. Nilimsomea dua.

Lakini La Posa hakuna umeme wa kuchomeka. Hita ya kawaida ya BTU 30,000 (kipimo cha joto inalotoa kwa saa) ikiwaka mfululizo inamaliza mtungi wa gesi wa kilo 9 kwa saa 14 hivi. Feni yake inakula betri usiku kucha, na betri za lithiamu ukizichaji chini ya nyuzi sifuri unaziua. Gesi ikikata saa tisa usiku ndipo watu wanawasha jiko la kupikia ili wapate joto. Nyumbani tumezika watu wangapi waliolala na jiko la mkaa ndani? Sumu ni ile ile, kaboni monoksidi, na ndani ya kachumba kadogo kama trela haichelewi kuua. Hakuna video hata moja ya hawa wenzetu niliyowahi kusikia ikitaja kengele ya kaboni monoksidi.

Na kuna hili ambalo Mmarekani mstaafu halimhusu ila sisi linatuhusu. Kama bado hujawa raia, ukibadilisha makazi unatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Fomu inataka mahali unapoishi kweli, sanduku la posta peke yake halitoshi. Sasa wewe unayehama kila wiki mbili utaandika nini? Barua ya kuitwa alama za vidole ikienda kwenye anwani uliyoiacha, faili lako linaweza kufungwa. Barabara ya 95 kati ya Yuma, mji ulio karibu na mpaka wa Mexico, na Quartzsite ina kituo cha askari wa mpaka, na mwenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, aliyefikisha miaka 18 anatakiwa awe nayo mwilini muda wote. Mtu anamshawishi mama mwenye watoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi aanze maisha haya, na haya yote hayasemi! Nimemwandikia mmoja wao chini ya video yake, kwa adabu kabisa, nikamweleza ya waranti na ya AR-11. Maoni yangu yakafutwa. Kiungo cha kununulia trela, ambacho analipwa kamisheni kila mtu akinunua, kimebaki pale pale.

Malalamiko yangu nimeshayapeleka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji, nikiambatanisha picha ya kibandiko, ya uvungu na ile barua pepe ya kiwanda. Mwenye kesi kama hii aje PM tuunganishe nguvu, hasa kama mlimwambia muuzaji kabla ya kusaini kwamba mtaishi humo na mna ujumbe wa simu unaothibitisha.

Na wewe mwenye chaneli, najua unapita humu. Lete hapa kwenye uzi ukurasa wa waranti wa hilo trela unalolitangaza, ule unaosema kama mtu anaruhusiwa kuishi humo au la. Ukurasa mmoja tu. Tunakusubiri.