Hendibreki haishiki mlimani: nikaze waya, nibadili shuu au nifunge dramu za mtumba?

Kijana wa Mlimani
Wakuu, salamu. Gari yangu nikiisimamisha mlimani na kuvuta hendibreki, inarudi nyuma taratibu. Fundi wa kwanza kasema akaze waya tu, nitoe ya soda. Wa pili anataka nibadili breki shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani. Wa tatu ananishauri nichukue dramu za mtumba, yale masufuria ya chuma yanayozunguka na tairi, na vitu vyake vyote vya ndani. Jumamosi nina harusi Lushoto. Nimsikilize nani?

Mzee wa Spana
Gari gani? Otomatiki au manyuo? Ukivuta inalia mara ngapi kabla ya kukaza? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

Kijana wa Mlimani
Samahani mkuu. Toyota IST ya 2004, otomatiki. Milio sijawahi kuhesabu.

Mzee wa Spana
Kahesabu. Ikipanda juu kabisa bila kuuma, kuna uwezekano mkubwa shuu zimekaa mbali na dramu. Kinachoanza ni adjasta ya ndani ya dramu, ile ya kusogeza shuu, ziguse kidogo, waya baadaye. Ukianza na waya unaficha ugonjwa, na adjasta haitajikaza yenyewe tena.

Mama Pacha
Msikilize huyo. Mimi niko Mwanza, na vilima vya huku mnavijua. Nilikaziwa waya na fundi wa jirani, siku mbili raha mustarehe. Siku ya tatu nasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni lori la mbele. Kumbe ni mimi! Nimefika nyumbani, nimeegesha pale pale ninapoegesha siku zote, nimeshuka na mfuko wa dagaa, nageuka naona gari linaniaga. Likaenda kulala kwenye kibanda cha muuza chapati. Mungu saidia alikuwa ameingia ndani kuchukua unga. Nikalipa kibanda, meza, na unga. Dramu zilipofunguliwa, upande mmoja shuu zimeungua zinang'aa kama kioo, upande wa pili wili silinda, ile inayosukuma shuu ukikanyaga breki, inavuja na shuu zimelowa mafuta ya breki. Shuu zilizolowa usikubali zioshwe kwa petroli, tupa. Na badilisha pande zote mbili.

Tairi Kipara
Mnateseka bure. Mimi naweka gia ya P, nashuka, natembea. Hendibreki nilishaisahau.

Mzee wa Spana
Hiyo P ni kidole cha chuma kinachoingia kwenye jino ndani ya giaboksi. Mlimani gari zima linakilalia, ndiyo maana ukitoa P unasikia "kla!". Kanyaga breki, weka N (gia huru), vuta hendibreki, achia mguu gari ikae, kanyaga tena, ndipo uweke P.

Tairi Kipara
Hatua zote hizo chapati itakuwa imeshapoa.

Utingo Mstaafu
Nunueni manyuo. Unazima, unaacha gia namba moja, unaweka kigingi nyuma ya tairi. Mlima Kitonga nimelala na mzigo hivyo hivyo.

Mama Pacha
Kaka, mwenzio anaenda harusini na suti, wewe unamtembeza na kigingi?

Utingo Mstaafu
Kigingi hakichafui suti, dada. Na wakati wa kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo aweke gia ya 2, asining'inie kwenye breki njia nzima.

Mpenda Mtumba
Tusizitukane dramu za mtumba. Yangu ina mwaka wa tatu. Ila nenda na kipimo: dramu huwa imeandikwa MAX na kipenyo, ikizidi hapo ni chuma chakavu hata kama inang'aa. Shuu za mtumba sishauri.

Mzee wa Spana
Kijana, breki ya mguu je? Ukiikanyaga ukatulia nayo mlimani, pedeli inabaki juu?

Kijana wa Mlimani
Sasa umenikumbusha mkuu. Inazama polepole, napampu inarudi. Nilidhani zote ziko hivyo.

Mzee wa Spana
Na hilo ulikuwa unalihifadhi? Angalia kikopo cha mafuta ya breki kama yanapungua. Yakipungua, kuna mvujo, anza na zile wili silinda. Yasipopungua, namshuku masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli. Kwa vyovyote Lushoto gari hiyo isiende.

Kijana wa Mlimani
Jamani, mabasi ya Lushoto yanaondoka saa ngapi?

Tairi Kipara
Hiyo IST ukiichoka, niambie bei.