Tupeane uzoefu: mtaa wenu ulipogawanyika kwa sababu ya njia ya baiskeli

Wadau, habari zenu. Barabara kubwa inayopita mbele ya nyumba zetu imeingizwa kwenye mpango wa kuongezewa njia za baiskeli, na mtaa umegawanyika. Mkutano wa mwisho uliisha watu wakiwa wamesimama, kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza. Mimi naziunga mkono njia hizi, nasema wazi, ila hawa ni majirani zangu na nitaendelea kuishi nao. Waliokwisha pita hapa watusaidie: kwenu ugomvi ulikuwa wa nini hasa, na ulitulia vipi?

Muuza Duka
Mkuu, mimi nilipinga na hadi leo naona nilikuwa na haki. Ramani ya kwanza tuliyoletewa ilifuta maegesho yote upande wetu, hapakubaki hata sehemu moja ya gari la mzigo kusimama. Nikauliza, katoni zishushiwe wapi? Yule bwana wa ramani akafunua karatasi nyingine, akafunua na ya tatu, jibu hana. Tulikaza. Mwishowe tukapewa sehemu ya kushushia kwenye kichochoro cha pembeni, asubuhi tu, na kibao chenye saa. Wateja hawakukimbia. Lakini tungenyamaza, malori yangekuwa yanasimama juu ya njia ya baiskeli kila siku, na waendesha baiskeli wanayakwepa kwa kuingia katikati ya magari. Kwa hiyo anayeuliza habari ya mizigo msimwite adui.

Mama Wawili
Kwetu walichora mstari mweupe, wakatuambia njia tayari. Mstari wenyewe umepita ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa, pale pale milango inapofungukia. Nilikuwa nimempakia mwanangu kwenye kiti cha nyuma, mlango ukafunguliwa mbele yangu ghafla. Nikakata kuelekea katikati ya barabara, mpini ukakwaruza ukingo wa mlango, na basi lililokuwa nyuma yetu likafunga breki huku linapiga honi. Hatukuanguka. Ila tangu siku hiyo simpandishi mtoto baiskeli kwenye barabara ile.

Ndugu yangu uliyeanzisha uzi, wakija na rangi tupu mkatae. Njia ikae kati ya magari yaliyoegeshwa na njia ya waenda kwa miguu, iachwe nafasi ya mlango kufunguka, na pawe na ukingo wa zege. Rangi haimzuii dereva anayechezea simu.

Mzee wa Mkongojo
Wanangu, mnazungumzia magari na baiskeli, sisi tunaotembea polepole hamtutaji. Kituo chetu cha basi kilisogezwa, sasa ili nipande basi lazima nivuke njia ya baiskeli, na vijana wanapita kwa kasi bila kengele. Tulilalamika mpaka wakainua kivuko pale kituoni kikawa sawa na njia ya miguu, na kabla yake wakachora alama za kumwambia mwendesha baiskeli apishe. Wengi wanapisha. Siyo wote.

Mpima Barabara
Shikamoo mzee. Jambo la kivuko ni la kuandikwa kwenye ramani mapema, kuliongeza baadaye ni kazi kubwa.

Mimi kazi yangu ni vipimo, na nimeona ugomvi mwingi unapungua watu wakishika futi ya kupimia wenyewe. Chukua barabara ya leni 4, kila leni mita 3.5. Ukizibana ziwe mita 3 unapata mita 2, yaani mita 1 kila upande. Haitoshi, kwa sababu njia nzuri ya baiskeli ya mwelekeo mmoja inataka kama mita 2. Hapo ndipo maegesho yanapoingia, maana mstari mmoja wa magari yaliyosimama unakula karibu mita 2. Kwa hiyo semeni ukweli mapema: mnachogombea mara nyingi ni magari yaliyolala. Na leni nyembamba inapunguza mwendo. Gari la kilomita 50 kwa saa linagonga kwa nishati karibu mara 3 ya gari hilo hilo likiwa kwenye 30.

Msafiri wa Pedali
Someni habari za Bloor Street, barabara ya jiji la Toronto, Kanada. Utafiti wa mwaka 2009 kwenye sehemu moja ya barabara hiyo uliona kuwa ni kama mteja 1 kati ya 10 tu aliyefika kwa gari, ilhali wenye maduka walidhani ni wengi zaidi. Njia ziliwekwa kwa majaribio mwaka 2016, baiskeli zikahesabiwa na matokeo kufuatiliwa, na mwaka 2017 halmashauri ikazipitisha ziwe za kudumu. Hata hivyo mwaka 2024 serikali ya jimbo ikatunga sheria ya kuziondoa, watu wakaenda mahakamani. Kwa hiyo msidhani kura moja inamaliza mambo.

Mwanzisha uzi
Shikamoo mzee, nimekusikia. Dada Mama Wawili, pole sana, na suala la mlango nalibeba kama lilivyo. Kwenye mkutano ujao nitaomba mambo mawili: tutoke wote nje na futi tupime, wanaopinga ndio washike ile ncha nyingine, na wenye maduka waseme saa zao za mizigo kabla ramani haijachorwa. Nikikubaliwa, nitaomba yawe majaribio, magari na baiskeli vihesabiwe kabla na baada.

Bado sijamsikia dereva wa gari la wagonjwa wala wa zimamoto. Majirani zangu wanaogopa ukingo wa zege utayafungia njia magari hayo. Kama yupo humu aliyeendesha kwenye barabara ya namna hiyo, atuambie alipitaje.