Mnatuuzia mfumo unaokufa kila umeme ukikatika, halafu mnasema kosa ni letu kwa kuzima seva

Wakuu, salamu kwenu wote. Uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira, ila kila nilichoweka humu nimekiona kwa macho yangu kwenye logi za seva.

Ninasimamia seva ya jumuiya moja ya maji huku mkoani. Mfumo wa ankara tulinunua kwa kampuni ambayo siitaji jina, maana ninachotaka ni kitu kirekebishwe. Huduma yao inayotoa ankara na kupokea taarifa za malipo ya simu nitaiita `ankarad`. Iko kwenye Ubuntu, mbele yake kuna Nginx (programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapitisha ndani), na hivi viwili vinaongea kupitia soketi, yaani faili maalumu la mawasiliano, iliyo ndani ya saraka `/run/ankarad`.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, betri ya UPS inaisha na seva inazima. Umeme ukirudi seva inawaka, Nginx inawaka, hifadhidata inawaka. `ankarad` haiwaki. Ukurasa wa malipo unatoa 502, yaani Nginx haimpati wa nyuma yake, foleni inajaa dirishani, karani anaandika risiti kwa mkono halafu jioni anakaa kuziingiza moja moja. Kuna mama alikatiwa maji akiwa ameshalipa, kwa sababu malipo yake yaliingia wakati huduma ya kuyapokea imelala. Alikuja ofisini na ujumbe wa simu mkononi, na karani ndiye aliyefokewa. Waliouza mfumo hawakuwepo kufokewa.

Logi inasema waziwazi:

```
ankarad: cannot bind /run/ankarad/ankarad.sock: No such file or directory
```

Saraka haipo. Hakuna fumbo hapo. Nikawatumia mistari hiyo watu wa msaada wa kampuni. Jibu la kwanza: "diski yenu inaharibika, inapoteza mafaili." Nikapima diski, nikawatumia ripoti, diski nzima haina kasoro. Jibu la pili: nunueni UPS kubwa zaidi. Jibu la tatu likawa fundi, ambaye nauli, posho na ada ya kazi yake tulilipa sisi, yaani wananchi wanaochangia maji. Akakaa kwenye kiti changu akaandika hivi:

```
mkdir /var/run/ankarad
chmod 777 /var/run/ankarad
systemctl restart ankarad
```

Ikawaka. Akasaini fomu akaondoka. Umeme ulipokatika tena, saraka ikapotea tena, na wao wakataka kumtuma tena kwa malipo yaleyale.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa sababu nimegundua wengi tunatozwa hela kwa jambo ambalo hatujaelezwa.

`/run` haiko kwenye diski. Ni tmpfs, yaani mfumo wa mafaili unaokaa kwenye RAM. Andika `findmnt /run` utaona mwenyewe. Ni kama ubao wa darasa unaofutwa kila asubuhi: seva ikizima, kila kilichokuwemo kinakwenda, na ikiwaka inaanza tupu. Imewekwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu mle ndani kunakaa vitu vya muda tu, soketi, mafaili ya PID (namba ya programu inayoendeshwa), kufuli za programu, vitu ambavyo vikibaki baada ya seva kuzima vinaleta uongo. Na `/var/run` ambayo fundi aliandika ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye `/run` ileile. Kwa hiyo kuandika `mkdir /var/run/ankarad` kwa mkono ni kutengeneza kitu ambacho tayari kimehukumiwa kufa seva ikizima.

Hili si jambo la juzi. Fedora 15, moja ya matoleo ya Linux, ilikuja na `/run` mwaka 2011. Debian 7 ikafuata mwaka 2013. Mwaka 2015 likaingia kwenye toleo la 3.0 la FHS, mwongozo unaopanga nini kinakaa wapi kwenye Linux. Sera ya Debian inakataza kabisa kifurushi kubeba mafaili au saraka chini ya `/run`, na inataka programu isidhani kwamba kilichomo kitadumu baada ya seva kuwashwa upya. Mtu anayeuza mfumo wa kukusanya pesa za watu leo, na hajui hilo, anauza nini?

Programu makini zote zimeshalimaliza. Fungua `systemctl cat ssh` kwenye Debian au Ubuntu, utakuta mstari `RuntimeDirectory=sshd`, unaoiambia systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma zote, itengeneze saraka hiyo ndani ya `/run`. Redis ya Debian vilevile inao wake. PostgreSQL na PHP-FPM zinatumia faili dogo ndani ya `/usr/lib/tmpfiles.d`, linalotaja saraka za kutengenezwa kila seva inapowaka. Mstari mmoja tu, na programu hizo zinagawiwa bure. Sisi tumelipa mamilioni, mstari mmoja haukuwekwa.

Nilipowabana, wakatoa walichokiita sasisho. Ndani ya faili la huduma wakaongeza `ExecStartPre=/bin/mkdir -p /run/ankarad`. Haikufanya kazi, na isingeweza kufanya kazi, kwa sababu faili lilelile lina mstari `User=ankara`. Amri ya `ExecStartPre`, ile inayotangulia huduma kuanza, inaendeshwa na mtumiaji huyohuyo, na `/run` ni mali ya `root`, mtu mwingine hawezi kuandika humo. Logi ikabadilika kutoka "No such file or directory" kwenda "Permission denied". Hawa ni watu waliotoa sasisho bila kulijaribu hata kwenye seva moja ya kwao.

Ngojeni sasisho lililofuata. Walifuta `User=ankara`. Yaani huduma inayopokea taarifa kutoka nje ikawa inaendeshwa na `root`, mwenye uwezo wa kila kitu kwenye seva, ili tu iweze kutengeneza saraka moja. Nililikataa hapohapo na kurudisha faili la zamani. Kwa ofisi isiyo na mtu wa kuangalia, hilo limeshaingia na liko linafanya kazi sasa hivi, na hakuna anayejua.

Hiyo 777 nayo isipite hivihivi. Saraka yenye ruhusa hiyo, mtumiaji yeyote wa seva anaweza kufuta soketi iliyomo na kuweka ya kwake yenye jina lilelile. Tovuti ya jumuiya ikiwa na tundu dogo tu, mwizi anakaa katikati ya Nginx na mfumo wa malipo. Na haikuwa na kazi yoyote! Kwenye logi ya Nginx kosa la kufikia soketi huja na namba: 2 maana yake kitu hakipo, 13 maana yake ruhusa imekataliwa. Yetu ilikuwa 2. Huwezi kulegeza ruhusa za kitu ambacho hakipo. Fundi anayekimbilia 777 kabla ya kusoma namba hiyo anakisia kwa gharama ya mteja.

Dawa ni hii, na haihitaji nauli ya mtu. Andika `sudo systemctl edit ankarad`, weka:

```
[Service]
RuntimeDirectory=ankarad
RuntimeDirectoryMode=0755
```

Kisha `sudo systemctl restart ankarad`. Systemd yenyewe itaitengeneza `/run/ankarad` kabla huduma haijaanza, itaikabidhi kwa mtumiaji aliyetajwa kwenye `User=`, na itaiondoa huduma ikisimamishwa. Mistari hii inakaa kwenye faili la pembeni, ndani ya `/etc/systemd/system/ankarad.service.d/`, kwa hiyo kampuni ikileta faili jipya la huduma, yako inabaki.

Kuna mahali watu wanakwama. Baada ya `RuntimeDirectory=` unaandika jina tu. Ukiandika njia nzima, `/run/ankarad`, systemd inaupuuza mstari wako na kuacha onyo kwenye logi, na wewe utaapa kwamba umeuweka. Jambo la pili lilinisumbua zaidi: mfumo huu una huduma ya pili ya kutuma SMS, nayo inatumia saraka hiyohiyo. Ukiweka `RuntimeDirectory=ankarad` kwenye zote mbili, siku unaposimamisha ya SMS peke yake systemd inafuta saraka, na soketi ya ankara inaondoka nayo wakati huduma yenyewe bado inaonekana hai. Unaona `active` ya kijani na wateja wanapata 502. Ukiwa na huduma zaidi ya moja kwenye saraka moja, tumia tmpfiles. Tengeneza `/etc/tmpfiles.d/ankarad.conf`, ndani yake mstari mmoja:

```
d /run/ankarad 0755 ankara ankara -
```

Endesha `sudo systemd-tmpfiles --create` mara moja sasa hivi, na kuanzia hapo itajiendesha yenyewe kila seva inapowaka. Hivyo ndivyo PostgreSQL inavyofanya kwenye Debian, ambako nako hifadhidata kadhaa zinaweza kushiriki saraka moja. Mimi nimeishia hapa, na nimeondoa `RuntimeDirectory=` kwenye zote mbili.

Wenye huduma za `Type=forking`, zile zinazojigawa na kuendelea nyuma ya pazia, angalieni pia mstari wa `PIDFile=`. Saraka ikikosekana, programu inaweza kuanza vizuri kabisa lakini ikashindwa kuandika faili lake la PID. Systemd inasubiri faili hilo, kwa kawaida sekunde 90, halafu inaiua huduma iliyokuwa nzima. Ukiona huduma inaishi dakika moja na nusu kisha inakufa, anza kutafuta hapo. Na mkiona `226/NAMESPACE` kwenye `systemctl status`, mara nyingi kuna `ReadWritePaths=` inayotaja saraka ambayo haipo.

Msisubiri umeme ukatike ndipo mjue kama imepona. Chagueni saa ambayo hakuna mteja, andikeni `sudo reboot`, seva ikirudi `ls -ld /run/ankarad` na `journalctl -b -u ankarad`. Kama imesimama yenyewe bila mkono wa mtu, imepona. Yetu sasa inasimama, na umeme umeshakatika na kurudi usiku bila mimi kuamshwa.

Mngedhani imeisha. Nikawaandikia kwa heshima, nikawapa mistari yote bure, nikawaomba waiweke kwenye kifurushi chao ili wateja wengine wapone. Jibu lao: kwa kugusa mipangilio ya huduma yao tumevunja masharti ya mkataba wa matengenezo, na msaada umesitishwa mpaka "hali ya awali irudishwe." Hali ya awali ni ile ya mama kukatiwa maji akiwa ameshalipa. Wanataka hiyo irudi.

Na kuna jambo baya kuliko foleni. Kwenye mwongozo wao wameandika: "usizime wala kuwasha upya seva bila idhini ya kampuni." Maana yake nini? Masahihisho ya usalama ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa ofisi ya kawaida, hayaanzi kufanya kazi mpaka seva iwashwe upya. Kwa hiyo kila ofisi iliyotii mwongozo huo, na ambayo seva yake haijawahi kuzimwa na umeme, inaendesha kerneli ya siku ile mfumo ulipofungwa, yenye matundu yote yaliyokwishatangazwa hadharani na kuzibwa. Wamewatia watu hofu ya kuwasha upya seva zao wenyewe ili kufunika mstari mmoja walioshindwa kuandika. Mkiwa na seva kama hiyo, linganisheni `uname -r` na kerneli zilizomo kwenye `/boot`. Ikiwa inayoendeshwa ni ya zamani kuliko iliyopo pale, mko hatarini leo.

Ninachodai kutoka kwao ni vitu vitatu, na najua wafanyakazi wao wanapita humu. Wekeni faili la tmpfiles kwenye kifurushi chenu. Rudisheni `User=ankara` kwa wateja wote mliowapa lile sasisho la `root`, na muwaambie kwa maandishi kwa nini. Futeni kwenye mwongozo ile sentensi ya kukataza seva kuwashwa upya. Ada za fundi tutazidai kwa njia nyingine, viongozi wa jumuiya wameshaanza.

Kwa wengine mliouziwa mfumo wa ankara wenye huduma inayokufa kila seva ikizima, hata kama ni wa kampuni tofauti: wekeni hapa matokeo ya `systemctl cat` ya huduma hiyo na mistari ishirini ya mwisho ya `journalctl -b -u`. Futeni kwanza nywila, anwani za IP na namba za simu za wateja. Nitapitia moja baada ya nyingine, na nitaanza na zile ambazo hazina mstari wa `User=`.